Mbio za New York: saa tano za kusubiri kabla ya kuachiwa zinapitishwa vipi?

Mwendo wa Mbezi

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa wote.

Jina langu limetoka katika droo ya marathoni ya New York, ambayo hukimbiwa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tangu nipate habari hiyo nimesoma maelekezo ya waandaaji mara tatu, na kila nikimaliza hubaki na maswali ambayo aliyeyaandika hakuwa akimfikiria mtu wa Dar es Salaam. Nina umri wa miaka 41, nimekimbia marathoni nzima mara mbili, zote Moshi, na muda wangu mzuri kuliko wote ni saa 4 na dakika 12. Upande wa mazoezi sina wasiwasi mkubwa, kwa kuwa nimekwisha kukimbia kilomita 32 mara mbili katika Barabara ya Bagamoyo kabla jua halijachachamaa, na magoti hayajanigomea.

Kinachoninyima usingizi ni siku yenyewe. Moshi niliamka saa kumi alfajiri, nikanywa chai na silesi mbili za mkate, nikatembea hadi uwanjani, na saa moja haijafika tulikuwa tumekwisha kuachiwa. Kwa New York nimepangiwa basi linaloondoka katikati ya Manhattan saa kumi na moja na nusu alfajiri, ilhali kundi langu, ambalo ni la nne, litaachiwa saa tano kasoro dakika tano asubuhi. Ninajiuliza mtu anafanya nini nje kwa saa tano, katika baridi ya Novemba, kabla ya kukimbia saa nyingine nne na ushei: anakula saa ngapi, anavaa nini, anakaa wapi.

Nina maswali mengine mawili. Mke wangu anashauri nivae ule mkoba wa maji wa mgongoni ninaoutumia mazoezini, nami naona ana hoja, ila sikumbuki kumwona mtu ameuvaa katika picha za mbio hizo. La pili ni sala: nitaswali vipi alfajiri bila kuachwa na basi? Ningependa zaidi kumsikia mtu aliyewahi kusimama pale mwenyewe, maana ushauri wa jumla wa kunywa maji na kulala mapema ninao wa kutosha.

Shangazi wa Bronx

Wa aleikum salaam mdogo wangu, na hongera, kwa maana wapo watu hapa wanaoomba mwaka hadi mwaka na jina halitoki. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeishi katika mji huu miaka kumi na tisa, na nimekimbia mbio hizi mara tatu, ya kwanza vibaya, ya pili vibaya kidogo, na ya tatu kwa akili.

Kwanza uelewe kwa nini mnaamshwa usiku. Mbio zinaanzia Fort Wadsworth, ngome ya zamani ya kijeshi kwenye kisiwa cha Staten Island, na daraja la Verrazzano mtakalolikimbia ndilo hilo hilo ambalo mabasi hupita. Ni lazima mabasi yamalize kazi kabla daraja halijafungwa, na kwa kuwa wakimbiaji wanazidi 50,000, hakuna namna ya kuwafikisha wote kwa wakati mmoja isipokuwa kuwapeleka mapema mno. Njia nyingine ya kufika huko ni kivuko, nacho hakina shida hiyo, kwa sababu kinapita majini kutoka kituo cha Whitehall, kusini kabisa mwa Manhattan, kinachukua kama dakika 25, na makundi ya nyuma hupangiwa safari za baadaye. Kwa hiyo, ikiwa waandaaji bado wanaruhusu kubadilisha usafiri, badilisha leo. Utapata walau saa moja zaidi ya kulala, utakaa ndani penye joto na vyoo, na utaipita ile sanamu maarufu bila kulipa senti moja. Usikifananishe na pantoni ya Kigamboni. Hapa kila mtu anapata pa kukaa. Ila ukishuka upande wa pili bado kuna foleni ya basi fupi la kukupeleka ngomeni, na foleni hiyo huenda polepole, basi usijiambie kwamba umefika.

Kuhusu mkoba wa mgongoni, mwambie wifi yangu kwamba hoja yake ni nzuri lakini walinzi hawataijali. Mikoba ya maji ya mgongoni imepigwa marufuku, na ukifika nao getini utauacha hapo hapo. Utakachoruhusiwa kuingia nacho ni ule mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, ambao utapewa utakapochukua namba yako katika ukumbi wa Javits. Namba hiyo huichukui asubuhi ya mbio wala humtumi mtu. Unakwenda mwenyewe na pasipoti yako siku za kabla. Nenda Alhamisi au Ijumaa asubuhi, kwa sababu ukienda Jumamosi utasimama saa mbili kwenye sakafu ya saruji, na miguu unayoichosha pale ndiyo utakayoidai kesho yake.

Sasa nguo. Joto la asubuhi hiyo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 5 na 10 za Selsiasi, na ngomeni upepo wa baharini hauna kizuizi. Mwaka wangu wa kwanza nilivua sweta mara tu tulipoitwa kwenye vizimba vya kuanzia, nikidhani tunaondoka sasa hivi, kumbe tulisimama karibu nusu saa. Nilikuwa nimebandika namba kwa pini mbili tu, nikitaka kuongeza za chini pale pale, na vidole vikafa ganzi kiasi kwamba nilishindwa kufungua pini. Nilimpa mwanamume mmoja mgeni kabisa anibandikie tumboni, naye vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kuliko vyangu. Bandika namba yako usiku, pini zote nne, kwenye fulana iliyolazwa kitandani.

Vaa juu ya nguo za kukimbilia suruali nzito, sweta, koti kama unalo, kofia ya sufu, glavu na soksi kuukuu juu ya viatu, vyote viwe vitu ambavyo hutavililia. Usivinunue huku kwa bei ya dukani. Nenda Karume ukachague kwenye mitumba. Mnapokaribia kuachiwa mnavivua na kuvitia kwenye mapipa maalumu, vinakusanywa na kupewa mashirika ya hisani yanayouza nguo kuukuu, na kwa jinsi biashara hiyo inavyokwenda, zisizouzwa huku nyingi hufungwa marobota na kusafirishwa. Kwa hiyo sweta lako linaweza kufika nyumbani kabla hujamaliza kulipa deni la tiketi. Glavu zibakize hadi Brooklyn.

Chukua pia kipande cha boksi na mfuko mkubwa wa taka wenye tundu la kichwa. Majani ya pale asubuhi huwa na umande, na mtu aliyekaa juu ya umande kwa saa tatu huanza mbio akiwa amelowa makalio. Pata boksi, kaa, nyoosha miguu, usitembeetembee kutazama watu. Halafu jipange kwenye foleni ya choo kabla haja haijakubana, na ukitoka, jipange tena.

Jambo la mwisho kwa leo: usiku huo huo wa kuamkia mbio saa za Marekani hurudishwa nyuma, inapofika saa nane usiku inakuwa saa saba. Ni saa moja ya zawadi. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini saa ya mkononi ya kawaida na ile ya ukutani hotelini hazijui habari hiyo, kwa hiyo tegemea simu, na mwombe mtu wa Dar akupigie. Kabla ya saa kurudishwa mnatuzidi saa saba, baada yake mnatuzidi nane. Mwambie wifi asikosee hesabu.

Kijana wa Ubungo

Naunga mkono yote isipokuwa moja. Mimi nilipanda basi na sikujuta, kwa sababu nililala usingizi wa pili humo ndani, na mtu anayeogopa kupotea katika mji asioujua hupumzika akijua kwamba basi linampakia mlangoni pa maktaba kuu na kumshusha pale pale penye mbio.

Nyongeza yangu ni kuhusu ukumbi wa kuchukulia namba, ambao kwa kweli ni soko. Usinunue humo kitu chochote utakachokivaa Jumapili. Nilinunua viatu katika banda moja kwa kuwa vilikuwa vya toleo jipya na muuzaji aliniapia kwamba ni sawa na vyangu vya zamani isipokuwa rangi. Kufikia kilomita ya 18 kidole gumba cha kulia kilikuwa kinagonga mbele kila hatua. Nilimaliza, lakini kucha ilikuwa nyeusi hadi Januari, ikang'oka yenyewe nikiwa bafuni. Kata kucha siku nne kabla, vaa viatu ulivyokwisha kuvikimbilia kilomita mia moja hivi, na pesa zako kanunulie watoto fulana.

Nesi wa Likoni

Kaka Mbezi, salamu kutoka Uingereza. Sijakimbia New York, ila nimehudumu katika hema la matibabu kwenye marathoni kubwa za mjini miaka kadhaa, na naomba nizungumzie tumbo, kwa sababu wengi tunaowapokea wameangushwa na kile walichokula au kunywa, si na miguu.

Muda wako wa kuanza, karibu saa tano asubuhi, ni mgumu kwa sababu unaangukia baada ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha mchana. Ukila hotelini saa kumi na moja kisha usile tena, utaanza mbio ukiwa na njaa. Igawe mara mbili. Ukiamka, kula kidogo tu, labda ndizi mbivu na chai. Mlo wenyewe uule ngomeni kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu, yaani kama saa tatu kabla ya kuachiwa, na uubebe mwenyewe katika ule mfuko: mkate mweupe wenye asali au jamu, ndizi nyingine, chumvi kidogo ukipenda. Nasema mkate mweupe kwa makusudi. Siku nyingine zote nitakuhimiza ule dona na mboga za majani, lakini siku hiyo na ile inayotangulia nyuzinyuzi ni adui yako, vivyo hivyo maharage, maziwa mengi na vitu vya kukaangwa. Ngomeni hugawiwa ile mikate ya duara yenye tundu, kahawa na maji, ila usitegemee tumbo lako kwa mkate uliouona kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Siku mbili za kabla, ongeza wanga na upunguze vingine badala ya kula kila kitu kwa wingi. Wali mweupe asubuhi, mchana na jioni utaweza kuupata New York bila shida, kwa sababu migahawa ya Kichina na ya Kihindi imejaa kila mtaa. Mwambie mpishi asitie pilipili. Mlo mkubwa uwe wa mchana wa Jumamosi na usiku ule kidogo.

Njiani, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli nyingi zina gramu 20 hadi 25, kwa hiyo jeli moja kila dakika 35 au 40 itakutosha, ukianza mapema kabla hujahisi unaihitaji, na kila moja uisukume kwa maji, si kwa kinywaji kingine chenye sukari. Jeli hizo ziwe zile zile ulizozizoea Dar. Kama huzipati madukani, tende zilizotolewa kokwa hufanya kazi ile ile, ila zijaribu kwanza katika mazoezi marefu.

Sasa nieleze kwa nini mkoba wa maji hauuhitaji hata kama ungeruhusiwa. Vituo vya maji New York viko karibu kila maili kuanzia maili ya tatu, na hatari kwa mkimbiaji wa saa nne na zaidi katika siku ya baridi mara nyingi huwa ni maji kupita kiasi. Mtu anakunywa kila kituo kwa hofu, figo hazimudu kuyatoa, na chumvi katika damu inazimuliwa. Katika utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji wa Boston mwaka 2002, asilimia 13 ya waliopimwa damu walipomaliza walikuwa na sodiamu ya chini kupita kiasi, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliotumia zaidi ya saa nne na wale waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Ndugu anayeonekana amevimba vidole, anatapika, kichwa kinamuuma na anajibu maswali hovyo, mashabiki humpa maji zaidi wakidhani wanamsaidia. Kunywa ukiwa na kiu, funda mbili tatu, pita.

Na tafadhali usimeze ibuprofen wala diklofenaki asubuhi hiyo kwa ajili ya goti. Najua huko nyumbani zinauzwa kama pipi. Wakati wa mbio ndefu damu inayokwenda kwenye figo hupungua, na dawa hizo huongeza mzigo pale pale. Mafuta ya mgando, kwa upande mwingine, paka bila ubahili: kwapani, kati ya mapaja, na plasta kwenye chuchu. Wanaume hucheka nikilisema hili, hadi waone fulana nyeupe yenye michirizi miwili ya damu.

Mwalimu Mstaafu, Dodoma

Kijana wangu, wenzangu wamekuvusha hadi kwenye kamba ya kuanzia. Mimi nizungumzie unavyopaswa kuondoka pale, kwa sababu nilifundisha michezo miaka thelathini na nimekimbia New York mara moja, nikaharibu kila kitu katika dakika kumi za kwanza.

Sisi wa rika langu tuliijua New York mwaka 1989, Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu, aliposhinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao wakati ule ulikuwa rekodi ya njia hiyo. Ikangaa alikuwa mtu wa kukimbia mbele tangu mwanzo, na mwaka mmoja kabla, katika mbio za Boston, mtindo huo ulimfikisha hadi karibu na utepe kabla Ibrahim Hussein wa Kenya hajampita na kushinda kwa sekunde 1. Sisemi kwamba alikosea, kwa sababu ndio mtindo uliompa New York. Ninachosema ni kwamba mtindo ule ni wa mtu aliyeuandalia mwili wake maisha yake yote. Ukitaka kuona gharama yake pale New York penyewe, mkumbuke Mbrazili Daniel do Nascimento mwaka 2022, ambao ulikuwa mwaka wa joto lisilo la kawaida: aliongoza peke yake, akapita nusu kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 22, na baada ya kilomita 30 akaanguka barabarani, Evans Chebet akampita na kwenda kushinda.

Kosa la New York limetegwa na daraja la kwanza. Mnaachiwa mnapanda Verrazzano, na kilele chake ndicho mahali pa juu kuliko pote katika njia nzima, lakini huhisi kwamba unapanda, kwa kuwa umesimama saa tano, muziki unapigwa, mizinga imelia, na watu elfu kadhaa wanakuzunguka. Kisha maili ya pili inateremka na miguu inakimbia yenyewe. Kwa muda wako wa Moshi, ningekushauri ulenge saa 4 na dakika 20, kwa sababu njia hii ina madaraja matano na si tambarare kama Berlin au Chicago. Hiyo ni dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita, au dakika 9 na sekunde 55 kwa maili, na ujizoeze kufikiri kwa maili kwa sababu ndivyo mabango yao yalivyo. Maili ya kwanza ikichukua dakika 10 na nusu au hata 11, iache ichukue. Usiifidie katika mteremko.

Brooklyn ni ndefu na tamu, barabara imenyooka, watu wanakuita jina kama umeliandika kifuani. Humo utatamani kuongeza mwendo, usiongeze. Nusu ya mbio unaipita kwenye daraja la Pulaski ukiingia Queens. Halafu, baada ya kilomita 24 hivi, unaingia chini ya daraja la Queensboro, na hapo ndipo mahali ninapotaka uwe umejiandaa kichwani. Mnapita sakafu ya chini, hakuna mtazamaji hata mmoja, ni giza kidogo, unasikia viatu na pumzi za watu tu, na daraja linapanda kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia. Saa yako ya setilaiti itapoteza mawasiliano na kukupa mwendo wa uongo. Usiitazame. Pandisha kwa juhudi ile ile uliyokuwa nayo, hata kama mwendo umeshuka.

Ukitoka hapo unakata kona na kukutana na kelele za First Avenue, ambako watu wamejipanga tabaka nne au tano. Nilipofika hapo nilihisi nimefufuka, nikakimbia maili tatu kama kijana, na Bronx ikanikuta sina kitu. Akiba unayoiona First Avenue si yako, ni ya Fifth Avenue, kwa sababu kama kilomita 6 kabla ya mwisho barabara hiyo inapanda taratibu kwenye ukingo wa Central Park kwa karibu maili nzima, mpando ambao ukiwa na gari hutaugundua na ukiwa na kilomita 36 miguuni utauona kama Mlima wa Sekenke. Ndani ya bustani pana mabonde madogo madogo hadi mwisho. Mtu aliyetulia darajani huwapita watu mia kadhaa humo.

Mwendo wa Mbezi

Mwalimu, Shangazi, Nesi, Kijana, asanteni sana. Nimeandika ombi la kubadilisha basi kuwa kivuko na limekubaliwa. Mkoba wa maji nimeurudisha kabatini, na mke wangu ameridhika baada ya kusomewa maneno ya Nesi, hasa lile la figo. Imebaki sala, na la pili linalotokana na hilo: nikimaliza kwa muda aliopendekeza Mwalimu itakuwa saa tisa na robo alasiri. Adhuhuri itakuwa wapi?

Shangazi wa Bronx

Kwa kuwa umepata kivuko, alfajiri haina tatizo. Baada ya saa kurudishwa, jua wiki hiyo huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo utaswali chumbani kwako wakati umeingia, kisha utoke. Adhuhuri inaingia ukiwa njiani Brooklyn, nawe ni msafiri, una ruhusa ya kuijumuisha na alasiri. Ila usizubae ukimaliza, maana jua linazama karibu saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Baada ya kuvuka mstari mnatembezwa polepole ndani ya bustani mkiwa na medali, na kutoka nje kunaweza kuchukua nusu saa na zaidi kwa miguu iliyokufa. Weka kitambaa safi cha kusujudia kwenye mfuko wa suruali utakayokimbilia, kwa kuwa majani ya Central Park jioni hiyo yametapakaa vikombe na maganda ya ndizi.

Mwendo wa Mbezi

Mrejesho, kama ilivyo ada.

Nimemaliza kwa saa 4, dakika 24 na sekunde kadhaa. Maili ya kwanza ilinichukua dakika 10 na sekunde 40, na nilipitwa na watu wengi kiasi kwamba mama mmoja wa makamo alinigusa bega akaniuliza kama naumwa. Nilimwona tena Fifth Avenue, akitembea.

Ngomeni nilikaa juu ya boksi la televisheni nililopewa na mhudumu wa hoteli, katikati ya Mjerumani aliyekuwa amevaa taulo la kuogea na kijana wa Mexico aliyevaa ovaroli ya rangi. Mkate na asali nilikula saa mbili kasorobo. Ubaridi ulikuwa unaingia kwa chini, kwenye nyayo, jambo ambalo sikulitarajia, na soksi kuukuu juu ya viatu ndizo zilizoniokoa. Sweta nililolinunua Karume kwa shilingi 4,000 lilikuwa na lebo ya duka ambalo nililiona siku iliyotangulia nikiwa natembea Manhattan. Nililikunja vizuri kabla ya kulitia kwenye pipa.

Daraja la Queensboro ni kama Mwalimu alivyolieleza, isipokuwa kwamba mtu mmoja nyuma yangu alikuwa analia kwa sauti ya chini muda wote, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Jeli ya nne iliniponyoka mkononi Bronx nikaiacha, nikala tende mbili nilizokuwa nimeziweka mfukoni kama akiba. Nililipia kosa hilo maili ya 23.

Niliswali adhuhuri na alasiri kwenye kona ya bustani, jua likiwa tayari nyuma ya majengo, na kuinuka kutoka kwenye sijda ya mwisho kulikuwa kazi kuliko mpando wowote wa siku ile. Ngazi za treni ya chini ya ardhi niliziteremka kinyumenyume, nikishika bomba kwa mikono miwili, na waliokuwa wanapanda walinipisha bila kuuliza, kwa sababu mbele yangu walikwisha kuwapisha wengine.

Viatu vilikuwa vya zamani, kucha zote ziko salama.